Uchambuzi wa kisa: moduli ya Peltier juu ya prosesa katika ofisi ya michoro, Dodoma

Mazingira ya kisa

Ofisi inayozungumziwa hapa huchora majengo, na ipo katika mtaa mmoja wa Dodoma. Tangu Serikali ilipoanza kuhamishia shughuli zake huko mwaka 2016, mji huu umekuwa na ujenzi mwingi, na wateja wengi hutaka kuiona nyumba yao katika picha kabla msingi haujachimbwa. Majina ya ofisi, ya mwenye ofisi na ya fundi yameondolewa, pamoja na kila jambo linaloweza kuwatambulisha. Vipimo vya joto vimekadiriwa kwa nyuzi kamili za Selsiasi.

Kompyuta iliyoleta shida ilikuwa na prosesa, yaani kipande kinachofanya hesabu zote za kompyuta, ya kori sita na ya daraja la wati 95. Kipoza chake kilikuwa hitisinki ya mnara yenye mabomba ya shaba, mapezi ya alumini na feni moja ya milimita 120, na kwa prosesa ya daraja hilo hicho ni kifaa kinachotosha. Kazi yake kubwa ilikuwa kurenda, yaani kuugeuza mchoro kuwa picha kamili yenye mwanga na vivuli, kazi inayoilazimisha prosesa kutumia uwezo wake wote kwa saa nyingi mfululizo, mara nyingi usiku kucha.

Chumba kilikuwa chini ya bati lisilo na dari, na dirisha lake lilitazama magharibi, hivyo alasiri za Oktoba joto la ndani lilifika nyuzi 33. Kompyuta yenyewe ilifungiwa ndani ya kabati la meza lenye mlango, kwa nia njema kabisa ya kuikinga na vumbi la kiangazi ambalo kila mkazi wa Dodoma analijua. Hewa ndani ya kabati hilo ilipita nyuzi 40. Kuna jambo jingine ambalo mafundi wetu hulisahau: mji uko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya pwani, kwa hiyo feni ileile ikizunguka kwa kasi ileile hubeba joto pungufu hapa kuliko Dar es Salaam.

Kufikia katikati ya Oktoba prosesa ilikuwa ikisoma kati ya nyuzi 97 na 100 kila inaporenda, na ikifika hapo hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Picha iliyokuwa ikikamilika alfajiri ikawa inavuka hadi mchana. Mwenye ofisi alimwita fundi kijana ambaye alikuwa amemtengenezea jirani yake friji ndogo ya vinywaji kwa kutumia moduli ya Peltier, kibamba cha umeme ambacho upande wake mmoja hupoa, na fundi akashauri moduli hiyohiyo iwekwe juu ya prosesa.

Kifaa chenyewe

Mwaka 1834 Mfaransa Jean Peltier aliona kwamba umeme ukipita katika maungio ya metali mbili tofauti, ungio moja hupoa na jingine hupata moto. Moduli za leo hutumia jambo hilohilo, isipokuwa badala ya metali za kawaida zimewekwa vipande vidogo vya bismathi teluridi, ambayo ni nusu-kipitishi, vikapangwa kati ya mabamba mawili ya kauri. Moduli inayopatikana kwa urahisi zaidi madukani ni ile iliyoandikwa 12706: ina jozi 127 za vipande hivyo, hutumia umeme wa hadi ampea 6, ina upana wa milimita 40 kwa 40, na unene wake haufiki hata nusu sentimita.

Ukiunganisha moduli hiyo na volti 12, upande mmoja hupoa ghafla kiasi kwamba kidole kinasikia baridi kabla hujahesabu tano. Hapo ndipo watu wengi wanapoamini kwamba wamepata kitu kinachotengeneza baridi. Moduli haitengenezi baridi. Huchukua joto upande mmoja na kulipeleka upande wa pili, na umeme wote iliotumia kufanya kazi hiyo nao hugeuka joto na kuongezeka upande uleule wa pili.

Hesabu yake haina ugumu. Kwa volti 12 moduli ya 12706 hutumia karibu wati 72, na pande zake mbili zikiwa na joto lililolingana, inaweza kuhamisha takriban wati 50 hadi 55. Kadiri upande baridi unavyozidi kutofautiana na upande wa moto, kiasi inachohamisha hupungua: tofauti ikiwa nyuzi 20 hubaki kama wati 35 hadi 40, na tofauti ikifika nyuzi 60 na ushei hakuna kinachohama kabisa. Ile tofauti kubwa ya nyuzi inayotajwa kwenye karatasi ya kifaa, ambayo ndiyo humvutia mnunuzi, hupatikana wakati moduli haina mzigo wowote.

Mfululizo wa matukio

Mwishoni mwa Oktoba fundi aliiondoa hitisinki, akaweka bamba la shaba juu ya prosesa, moduli juu ya bamba, na hitisinki ileile juu ya moduli. Umeme wa moduli aliutoa kwenye pawa saplai ya volti 12 na ampea 10, ya aina inayotumika kuendesha kamera za ulinzi, akaichomeka ukutani kwa sababu UPS ya kompyuta, kifaa chenye betri kinachoiendesha umeme ukikatika, haikuwa na tundu lililobaki. Kuzunguka moduli alijaza sponji ya godoro ili baridi isipotee.

Kompyuta ilipowashwa bila kazi yoyote, prosesa ilisoma nyuzi 9, na bamba la shaba likaanza kufunikwa na weupe wa barafu pembeni. Fundi alifurahi mno. "Dada, njoo uone, imekuwa friji," alisema, na mwenye ofisi naye akaridhika, kwa kuwa hakuna kati yao aliyewahi kuona namba ndogo namna hiyo kwenye mashine yoyote.

Jioni hiyo kazi ya kurenda ilipoanza, joto lilipanda hadi nyuzi 100 ndani ya dakika chache na prosesa ikapunguza kasi kuliko ilivyokuwa ikifanya kabla ya moduli kuwekwa. Fundi alihitimisha kwamba moduli ni dhaifu, akaagiza kubwa zaidi, ya ampea 10, ikaletwa na basi kutoka Kariakoo. Moduli hiyo ilishusha joto la kurenda hadi karibu nyuzi 90, lakini pawa saplai ilikuwa ikifanya kazi ukingoni kabisa mwa uwezo wake, na hewa iliyotoka nyuma ya hitisinki ilikuwa ya moto kiasi kwamba mlango wa kabati ulilazimika kuachwa wazi.

Alasiri moja ya Novemba umeme ulikatika. Kompyuta iliendelea kuishi kwa UPS, ila moduli, iliyokuwa imechomekwa ukutani, ilizimika. Mwenye ofisi alikuwa mbele ya kioo akihifadhi kazi, akaona namba ya joto ikipanda mbele ya macho yake, na chini ya dakika moja mashine ikajizima. Picha iliyokuwa imerendwa tangu asubuhi ikapotea. Baada ya hapo pawa saplai ya moduli ilihamishiwa kwenye UPS, na UPS ikaanza kulia kwa kuzidiwa mzigo kila umeme unapokatika.

Mvua zilianza Desemba. Mashine iliachwa ikiwaka usiku kwa ajili ya kazi ndogo ya kunakili mafaili, moduli nayo ikiwa kwenye volti 12 kama kawaida. Asubuhi mmoja wa wachoraji alikuta kioo cheusi na mashine haiwaki.

Uamuzi wa kufungua na kilichoonekana

Nilipoitwa, niliomba mashine isiwashwe tena mpaka ifunguliwe yote. Sponji ya godoro ilipobanwa kati ya vidole ilitoa maji. Nyuma ya ubao mama, chini kabisa ya soketi ya prosesa, palikuwa na mstari wa maji uliokauka ukaacha alama nyeupe, na katika kona moja ya soketi pini kadhaa zilikuwa na kutu ya kijani. Ubao mama haukuweza kuokolewa. Prosesa, baada ya kusafishwa na kujaribiwa kwenye ubao mwingine, ilifanya kazi vizuri.

Kitu cha pili kilikuwa hitisinki. Ukiitazama kwa mbele, kupitia feni, ilionekana safi. Feni ilipotolewa, mapezi yalikuwa yamezibwa na bamba la vumbi lililoshikana kama kipande cha kitambaa, na ungeweza kuliinua kwa ncha ya bisibisi likatoka zima. Fundi alieleza pia kwamba pesti ya kupitisha joto aliyoikuta juu ya prosesa mwezi Oktoba ilikuwa imekauka na kuwa unga.

Mwenye ofisi alipewa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kurudi kwenye hitisinki peke yake, ikiwa safi na yenye pesti mpya, kompyuta ikatolewa kabatini na kuwekewa kitambaa chepesi cha kuchuja vumbi mbele ya feni. Ya pili ilikuwa kuendelea na Peltier, ila kwa mpangilio tofauti kabisa: moduli nne ndogo badala ya moja, zikipewa volti 6 kila moja, na upande wa moto kupozwa kwa maji na radieta. Alichagua ya kwanza kwa ajili ya kazi za ofisi, akaruhusu ya pili ijaribiwe karakanani kwa kutumia prosesa yake na ubao mama wa kuazima, kwa kuwa alitaka kujua kama fedha aliyotumia ingeweza kuzaa kitu.

Matokeo

Hitisinki ileile ya mwanzo, bila moduli yoyote, iliishikilia prosesa kwenye nyuzi 72 hadi 74 wakati wa kurenda, chumba kikiwa nyuzi 31. Picha zilianza tena kukamilika alfajiri.

Karakanani, moduli nne juu ya bamba la shaba la milimita 80 kwa 80, zikiunganishwa mbilimbili ili volti 12 zigawanyike, ziliiweka prosesa nyuzi nane hivi chini ya kiwango ilichofikia radieta hiyohiyo ilipofanya kazi bila moduli. Gharama ya nyuzi hizo nane ilikuwa zaidi ya wati 60 za umeme wa ziada muda wote mashine ikifanya kazi, ambazo kwa saa kumi ni zaidi ya nusu uniti ya LUKU. Mwenye ofisi hakuutaka mpango huo kwa matumizi ya kila siku, na kwa maoni yangu aliamua sawasawa.

Uchambuzi

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwa nini moduli ileile iligandisha bamba mashine ikiwa imetulia na kuichemsha ilipofanya kazi. Prosesa isiyo na kazi hutoa wati 10 hadi 15 tu. Mzigo huo ni mdogo kwa moduli, kwa hiyo tofauti ya joto kati ya pande zake hupanuka na bamba la shaba hushuka karibu na sifuri. Prosesa inayorenda hutoa wati 95, na moduli ya 12706 haiwezi kuhamisha kiasi hicho hata pande zake zikilingana. Joto lililobaki hulundikana chini yake mpaka ule upande unaoitwa baridi unakuwa wa moto zaidi kuliko upande wa pili, na kuanzia hapo moduli ni kizuizi kilichosimama kati ya prosesa na hitisinki yake. Namba 9 aliyoionyesha fundi ilikuwa kweli, ila ilikuwa jibu la swali lisiloulizwa na ofisi hiyo. Kipoza cha kompyuta hupimwa kwa mzigo mkubwa uliodumu angalau nusu saa, katika saa ya joto kali ya siku, na huko ndiko majaribio ya kwanza yalipaswa kuanzia.

Jambo la pili ni hitisinki, na hapa ndipo ninapoona kiini cha kisa chote. Hitisinki ambayo ilishindwa kutoa wati 95 kwa sababu ya vumbi ilipewa kazi ya kutoa wati 95 za prosesa pamoja na wati 70 na zaidi za moduli, na baadaye, kwa moduli kubwa, zaidi ya wati 200 kwa jumla. Tuchukulie hitisinki safi inayopanda nyuzi moja kwa kila wati 5 zinazopita ndani yake. Ikiwa na prosesa peke yake itapanda nyuzi 19 juu ya hewa ya chumba. Ikiwa na moduli ndogo juu ya mzigo huohuo itapanda nyuzi 33 hivi, kabla hata hatujagusa suala la upande baridi. Ili moduli ilipe, faida inayoleta upande wa chini lazima ivuke hasara inayoleta upande wa juu, na jambo hilo halitokei bila kipoza cha nje ambacho chenyewe, kama kingewekwa moja kwa moja juu ya prosesa, kingemaliza shida. Ndiyo maana jaribio la moduli nne lilifanikiwa kwa kiasi: radieta ilikuwa kubwa, na kila moduli ilifanya kazi kwa nusu ya volti zake, mahali ambapo kwa kila wati moja ya umeme inahamisha karibu wati moja na nusu ya joto. Kwa volti 12 kamili, tofauti ya pande ikiwa nyuzi 20, wati moja ya umeme haihamishi hata wati moja ya joto.

Kuhusu maji, fundi alilaumiwa na baadhi ya watu pale ofisini kwa uzembe, na sioni kwamba lawama hiyo ilikuwa ya haki. Alijaribu kifaa chake Oktoba, na Oktoba ya Dodoma ilimficha hatari. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 30 huanza kuacha matone kwenye kitu chenye nyuzi 10 au chini yake. Mvua zikishika, hewa ya nyuzi 26 yenye unyevu wa asilimia 70 huacha matone kwenye kitu chochote cha chini ya nyuzi 20, kama chupa ya soda iliyotolewa friji inavyotoka jasho mezani. Mpaka wa hatari ulisogea nyuzi 10 bila mtu yeyote kugusa mashine. Wakati wa kiangazi weupe pembeni mwa bamba ulikuwa kidogo na ulikauka kila kazi ilipoanza. Desemba, mashine ikikaa usiku mzima bila kazi nzito, maji yalikuwa na saa nyingi za kujikusanya na hayakuwa na joto la kuyakausha.

Sponji ya godoro iliongeza madhara. Matundu yake yameungana, hivyo hewa yenye unyevu hupenya hadi kwenye shaba, na maji yakishajitengeneza huyahifadhi pale pale yanapodhuru. Kinachotakiwa ni sponji nyeusi ya mpira yenye matundu yaliyofungwa, ile wanayoifunga mafundi wa viyoyozi kwenye mabomba ya gesi, ikatwe ibane kuzunguka soketi mbele na nyuma ya ubao. Fundi wa viyoyozi yeyote mjini anayo.

Tukio la umeme kukatika nalo lina maelezo yake. Moduli isiyo na umeme hupitisha joto vibaya: ili wati 95 zipite ndani ya moduli ya 12706 iliyozimika, tofauti ya joto kati ya pande zake ingelazimika kuvuka nyuzi 150. Hitisinki ikichakaa, prosesa hupata joto polepole na mtumiaji hupata muda wa kuona dalili. Moduli ikizimika, dakika moja ni nyingi. Kilichoiokoa prosesa ni ulinzi wake wa ndani. Kuhamishia moduli kwenye UPS kuliondoa hatari moja kwa kuleta nyingine, maana mzigo uliongezeka kwa zaidi ya wati 100 na muda wa kuhifadhi kazi ukapungua wakati ambapo ndio ulihitajika zaidi. Njia salama zaidi ingekuwa kuipanga mashine ijizime yenyewe moduli inapokosa umeme.

Yapo maamuzi yaliyokuwa mazuri. Fundi alitumia bamba la shaba badala ya kuiweka kauri moja kwa moja juu ya prosesa, na hilo lilisambaza joto na kuilinda moduli isipasuke kwa mbano usio sawa. Mwenye ofisi aliandika namba za joto kila siku kwenye daftari, pamoja na saa na hali ya hewa, na bila daftari hilo uchambuzi huu ungekuwa wa kukisia. Pia alikubali mashine ifunguliwe kabla ya kuwashwa tena, ingawa wateja walikuwa wakimsubiri.

Inafaa kusemwa kwamba hata watengenezaji wakubwa wamekutana na vikwazo hivihivi. Mwaka 2020 Intel ilitangaza teknolojia ya Cryo, ambamo moduli ya Peltier iliwekwa juu ya prosesa ikapozwa kwa maji, ikiwa na kihisio cha unyevu na programu ya kuzuia bamba lisishuke chini ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kuwa matone. Mwaka 2023 iliacha kuiendeleza. Peltier inaendelea kutumika vizuri mahali ambapo mzigo ni mdogo na joto linatakiwa kushikiliwa kwa usahihi mkubwa, kama kwenye mashine za PCR za maabara, zinazonakili vinasaba, kwenye leza ndogo na kwenye kamera za kupigia picha za nyota.

Kwa fundi anayetaka kujaribu kwenye prosesa hapa kanda ya kati, kazi ianze bila moduli. Hitisinki itolewe feni na kupulizwa hewa kutoka upande wa pili, pesti ibadilishwe, mashine itolewe kwenye kabati, kisha ipimwe ikirenda saa tisa alasiri. Ikiwa baada ya hapo bado kuna sababu ya kuweka Peltier, kidhibiti chake kisome unyevu wa chumba pamoja na joto la bamba, na kipunguze volti taratibu badala ya kuwasha na kuzima, kwa sababu kupoa na kupata moto mara kwa mara huvunja lehemu ndani ya moduli. Kidhibiti hicho kijaribiwe Januari mvua zikinyesha, mashine ikiwa haina kazi, na sponji ifunguliwe kila asubuhi kuangaliwa.